Sukuma wiki iliyogeuka chungu: uchambuzi wa kisa cha bustani moja ya Sahare, Tanga

Kisa hiki kinahusu matuta matatu ya sukuma wiki yaliyolimwa nyuma ya nyumba moja ya Sahare, jijini Tanga, mwendo mfupi kutoka ufukoni, katika msimu wa kaskazi. Malalamiko yalikuwa mawili, nayo yalianzia kwenye sinia kabla hayajafika bustanini: mboga ilikuwa chungu, na hata ilipopikwa kwa muda mrefu ilibaki ngumu mdomoni. Nilipoitwa kuyatazama matuta hayo, kwa kuwa majirani wanajua kwamba mambo ya bustani nimeyashughulikia kwa miaka mingi, kosa lilikuwa limekwisha kutafutiwa mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa mpishi. Ninakieleza kisa kwa kirefu kwa sababu chanzo chake kinaweza kuwamo katika nyumba yoyote ya ukanda wa pwani, na kwa sababu dalili zake hufanana na za maradhi mengine kiasi kwamba mtu anaweza kumaliza fedha zake dukani akinunua dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Nyumba yenyewe ina mama mwenye nyumba, mzaliwa wa Tanga, mwanawe wa kiume, mkazamwana aliyeolewa kutoka Lushoto, na wajukuu. Bustani ni ya mkazamwana. Kwao, katika milima ya Usambara, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,300, sukuma wiki hustawi bila kubembelezwa, na jani lake huwa laini lenye utamu wa mbali, kwa sababu mimea yote ya jamii ya kabichi hupenda ubaridi. Alipohamia pwani alikuta uwanja mtupu nyuma ya nyumba, kisima kando yake, na jirani mwenye banda la kuku wa nyama, akaona kwamba hakuna haja ya kununua mafungu ya mboga kila siku. Mwishoni mwa Oktoba alisia mbegu kitaluni, na ilipokaribia kwisha Novemba, miche ikiwa na majani manne au matano, aliihamishia kwenye matuta wakati wa jioni kwa nafasi ya kama sentimita 50 kutoka mche hadi mche. Hadi hapo kazi yake haikuwa na kasoro. Mbegu zilikuwa za aina ya Georgia, zilizotoka katika pakiti iliyofungwa, na zilikuwa zimeota vizuri.

Mambo mengine mawili alinieleza kama ya kawaida, na ndiyo niliyoyaandika pembeni. La kwanza ni kwamba kabla ya kupandikiza alichanganya udongo na mbolea ya kuku aliyopewa na jirani, ikiwa mbichi, yenye harufu ya kuchoma pua, na baadaye aliendelea kuiongeza kidogo kidogo kuzunguka mashina kila alipoona majani yanapoteza rangi. La pili ni kwamba matuta yalimwagiliwa maji ya kisima asubuhi na jioni, kwa keni, kwa kiasi cha kulowesha uso wa udongo na majani. Majani ya kwanza yalichumwa mwanzoni mwa Januari na kila mtu aliyasifu. Uchungu ulianza kusikika Februari, na ulipofika Machi watoto walikuwa wanaisukuma mboga pembeni mwa sahani na kula ugali kwa mchuzi.

Mboga ikiharibika, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika mwiko. Mama mkwe alishikilia kwamba mkazamwana anakata majani mapana mno, kisha anayakaanga juu juu kwa kitunguu na nyanya kama wafanyavyo kwao, ilhali majani magumu yanataka kuchemshwa kwanza na kuungwa kwa nazi. "Mwanangu, mboga hii haijaiva," alikuwa akimwambia, kwa upole lakini mbele ya watu. Mkazamwana hakumjibu mama mkwe wake mbele ya watoto. Tulipokuwa wawili bustanini ndipo aliponiambia, "Sitaki kumkosea mama, lakini tangu alipoanza kutia magadi ndiyo imezidi kuwa mbaya." Mwana wa nyumba alikuwa na maoni yake kwamba mbegu zilikuwa feki, na mtu wa dukani alikwisha wauzia chupa ya dawa ya wadudu. Tulikuwa, basi, na watuhumiwa wanne: upishi, magadi, mbegu na wadudu.

Mbegu ndiyo iliyokuwa rahisi kuiondolea tuhuma. Mmea hauwezi kuwa wa aina moja Januari na wa aina nyingine Machi. Mashina yaliyotoa majani matamu mwanzoni ndiyo yaleyale yaliyokuwa yanatoa majani machungu. Zaidi ya hayo, Georgia ni aina ya zamani iliyotoka kusini mwa Marekani, na inajulikana kwa kustahimili joto na udongo hafifu kuliko ndugu zake wengi. Mtu akitaka kulima sukuma wiki pwani, hiyo si aina mbaya ya kuanzia.

Wadudu walikuwepo, nami sikutaka kuwapuuza. Chini ya majani machache palikuwa na vidukari wa kijivu waliofunikwa na unga kama majivu, na hapa na pale viwavi wadogo wa kijani wa nondo wa kabichi walikuwa wametoboa matundu madogo. Lakini vidukari hukunja jani na kulidumaza pale walipokusanyika, na viwavi hutoboa. Hakuna kati yao anayefanya matuta matatu mazima yawe machungu kwa wakati mmoja, tena pamoja na mashina ambayo hayana mdudu hata mmoja. Kwa uchache ule, kuwafuta kwa kidole na kuwamwagia maji yenye sabuni kidogo kulitosha. Nilimwomba mwenye bustani asiiguse ile chupa, kwa kuwa mboga inayochumwa kila baada ya siku chache haipati muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo kati ya kupuliza na kula.

Kuhusu upishi, njia ya kupima ilikuwa moja tu. Mkazamwana alinunua fungu la sukuma wiki katika soko la Mgandini, mboga iliyoteremka kutoka milimani, akaipika kwenye sufuria moja na ya bustanini kwenye sufuria nyingine, kwa kitunguu kilekile, nyanya zilezile, muda uleule, bila magadi. Mama mkwe ndiye aliyeonja wa kwanza. Ya sokoni ilikuwa laini na tamu. Ya bustanini ilikuwa chungu kama ilivyokuwa jana yake. Mwiko ulikuwa umetoka katika kesi, na kwa kuwa magadi hayakutiwa popote, nayo hayakuwa chanzo. Kama yalikuwa yanaongeza madhara ni suala jingine, nitalifikia.

Baada ya hapo kilichobaki ni kuyasoma majani yenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Majani ya chini, yaliyo makubwa zaidi, yalikuwa yamekauka ukingoni. Ukavu huo ulikuwa wa rangi ya kahawia, mwembamba kama uzi mahali pengine na upana wa kidole mahali pengine, nao ulizunguka ukingo karibu wote wa jani huku sehemu ya ndani ikibaki ya kijani. Kijani hicho nacho hakikuwa cha kawaida: kilikuwa kizito, kinachoelekea bluu, na jani lilipokunjwa halikulegea bali lilivunjika kwa mlio. Majani machanga ya juu yalikuwa madogo kuliko inavyotakiwa na yalikuwa yamekaribiana kama mmea umekataa kurefuka. Saa sita mchana mashina yote yalinyauka, ingawa udongo ulikuwa umemwagiliwa asubuhi na ulikuwa bado umelowa.

Ukavu wa ukingoni una visababishi kadhaa, na ni lazima vitenganishwe kwa macho kabla ya kutenganishwa kwa fedha. Ugonjwa wa uozo mweusi, unaoletwa na bakteria na ambao ni adui mkubwa wa kabichi na ndugu zake, nao huanzia ukingoni. Lakini huingia kwa pembe, ukitengeneza umbo la herufi V la rangi ya njano ambalo ncha yake inaelekea kwenye uti wa jani, na ndani ya umbo hilo vijishipa huwa vyeusi. Hapa hapakuwa na V wala vijishipa vyeusi. Upungufu wa naitrojeni hulifanya jani zima la chini kuwa la njano iliyopauka, na mmea uliolishwa mbolea ya kuku kwa wingi namna ile usingeweza kulia njaa ya naitrojeni. Upungufu wa madini ya chuma, ambao hutokea kwenye udongo wenye chokaa ya matumbawe kama ulivyo mwingi wa pwani yetu, huonekana kwenye majani machanga, yakawa ya njano huku vijishipa vikibaki vya kijani. Upungufu wa potasiamu ndio unaofanana zaidi na tulichokuwa tunakiona, kwa kuwa nao huunguza ukingo wa majani ya zamani. Ila mbolea ya kuku ina potasiamu ya kutosha, na majivu ya jikoni yalikuwa yanamwagwa hapohapo.

Kilichokuwa kimebaki kilikuwa chini ya miguu yetu. Kwenye mabega ya matuta, pale ambapo maji hupanda na kukauka, udongo ulikuwa na utando mweupe. Niliukwaruza kwa ukucha nikauweka ulimini, na mkazamwana akafanya hivyo hivyo. Hakuhitaji kuambiwa ni nini.

Ushahidi ulioniridhisha zaidi, hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameuona kama ushahidi. Mwishoni mwa tuta la tatu, karibu na karo la jikoni, palikuwa na mashina matano ambayo hayakufanana na mengine. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, bila ukavu wa ukingoni, na mchana hayakunyauka. Watu wa nyumba walidhani yamependelewa na kivuli cha ukuta. Nilipouliza maji ya kuoshea mchele na mboga humwagwa wapi, nikaonyeshwa palepale. Maji hayo ni ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani katika Mto Zigi, na ni matamu. Mashina matano yalikuwa na mbegu ileile, udongo uleule, mbolea ileile na wadudu walewale. Tofauti yao na wenzao ilikuwa ndoo. Tulichuma jani kutoka pande zote mbili na kulitafuna bichi. La karoni lilikuwa na ukali mdogo wa kawaida wa jamii ya kabichi. La katikati ya tuta lilikaza ulimi.

Mama mwenye nyumba hakukubali mara moja, na hoja yake ilikuwa ya maana: maji ya kisima kile wameyaoga na kuyafulia kwa miaka yote, na hayana chumvi ya kuonekana. Bila kipimo cha maabara tulitumia vya nyumbani. Sabuni ya mche iliposuguliwa kwenye maji ya kisima ilitoa povu dogo lililokatika upesi, na kwenye maji ya bomba ilitoa povu la kutosha. Tuliweka sahani mbili juani, moja ya kila maji, mpaka zikakauka kabisa. Ya bomba iliacha utando hafifu wa vumbi, ya kisima iliacha ukoko mweupe ulioonekana kutoka mlangoni. Jambo ambalo ulimi hauelezi ni kwamba mmea huumia mapema kuliko mtu. Kwa vipimo vinavyotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, maji ya kumwagilia huanza kuhitaji uangalifu chumvi yake inapozidi desisimensi 0.7 kwa mita (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho hupanda kadiri chumvi inavyozidi), kiwango ambacho mtu hunywa bila kukunja uso, na yakizidi 3 huwa ni tatizo kubwa kwa mazao mengi. Kabichi, ambayo ni spishi moja na sukuma wiki, huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo inapopita desisimensi 1.8 kwa mita. Maharage ni dhaifu zaidi, yanashindwa kuanzia 1. Kunde huvumilia hadi 4.9.

Kwa nini basi Januari ilikuwa salama? Kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zimepita punde. Katika visima vya karibu na bahari, maji matamu yanayotokana na mvua hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito zaidi chini yake. Mvua ikikatika na watu wakiendelea kuteka, tabaka tamu hupungua unene na ndoo huanza kugusa mpaka wa chumvi. Kisima cha Desemba na kisima cha Machi, ingawa ni shimo moja, si maji yaleyale. Wakati huohuo mvua ya vuli ilikuwa imeuosha udongo wa juu, na baada yake hakuna kilichouosha.

Umwagiliaji wenyewe ulikamilisha kazi. Mtu anayenyunyiza kidogo asubuhi na jioni hulowesha sentimita chache za juu; jua la kaskazi, ambalo Tanga huweza kufikisha joto la nyuzi 32 au 33, huyanyonya maji na kuiacha chumvi palepale ilipo mizizi. Kila keni iliongeza kiasi chake juu ya kilichotangulia. Mbolea mbichi ya kuku nayo ina chumvichumvi nyingi, mbali na amonia inayounguza mizizi midogo, hivyo kila mara majani yalipopoteza rangi na mkazamwana akaongeza mbolea kwa nia njema, alikuwa anaongeza mzigo uleule uliokuwa unayaumiza. Udongo wenye chumvi humnyima mmea maji hata ukiwa umelowa, kwa kuwa mizizi inashindwa kuyavuta. Ndiyo sababu ya kunyauka kwa saa sita katika tuta bichi. Mmea wenye kiu ya namna hiyo, tena katika joto lisilo lake, hukua polepole, hufanya majani mazito yenye nyuzi, na kemikali za kujilinda ambazo jamii yote ya kabichi huzibeba, zile zinazoitwa glukosinoleti, hujikusanya katika jani dogo badala ya kutawanyika katika jani kubwa. Hizo ndizo zilizokuwa zinasikika kwenye sinia.

Wakati tunangoja bustani ipone, palikuwa na majani mengi ya kuliwa, na mkazamwana hakutaka kuyatupa. Sikuona sababu ya kuyatupa pia. Majani ya chini kabisa, yaliyoungua, yaliondolewa na kupelekwa kwenye shimo la taka, kwa kuwa hayalainiki kwa moto wowote. Ya kati yalitolewa uti wake mnene kwa kuvuta, si kwa kisu. Jani likishikwa kwa mkono mmoja na uti kwa mwingine, huachana bila kupoteza kitu. Kisha yalipangwa kumi kumi, yakakunjwa kama msokoto wa tumbaku na kukatwa membamba kukingama, maana nyuzi za jani hukimbia kwa urefu na kisu kinachozikata fupi ndicho kinacholainisha mboga kabla ya moto.

Hapa mama mkwe alikuwa na haki ambayo hakuwa nayo kwenye lawama zake. Majani ya kukaangwa juu juu ni yale machanga ya milimani. Majani yaliyoteseka huhitaji maji ya moto kwanza. Tulikubaliana hivi: maji mengi yachemke kwa nguvu, yatiwe chumvi kidogo, majani yaingie kwa dakika mbili au tatu bila kufunikwa, kisha maji hayo yamwagwe. Yanaondoka na sehemu ya uchungu. Yanaondoka pia na sehemu ya vitamini C, na hilo ni bei inayolipwa. Kwa majani mazuri mtu asiilipe bure. Sufuria haifunikwi kwa sababu majani yanapopata moto hutoa asidi inayopanda na mvuke, na mfuniko huirudisha ndani na kuyageuza majani kuwa ya rangi ya kaki. Ndimu, kwa sababu hiyohiyo, hukamuliwa mezani, si jikoni.

Baada ya kuchujwa, kitunguu kilikaangwa mpaka kikalainika, nyanya ikaivishwa hadi ikaachana na mafuta, majani yakaingia pamoja na tui jepesi na kuachwa yachemke taratibu hadi tui likaribie kukauka. Tui zito lilitiwa mwisho, likakorogwa kwa upande mmoja, na sufuria ikaepuliwa mara tu lilipoanza kutokota, kabla halijakatika. Nazi hapa si ya ladha tu. Rangi ya manjano iliyojificha ndani ya kijani cha sukuma wiki, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huhitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo mpishi wa pwani anayeiunga mboga kwa nazi anaifanyia familia yake jambo jema hata kama nia yake ilikuwa utamu. Na kwa kuwa tumefika hapo: kalsiamu ya sukuma wiki hufyonzwa na mwili vizuri kuliko ile ya mchicha, ambayo kwa sehemu kubwa hufungwa na asidi ya oksaliki. Kwa nyumba yenye watoto wadogo na isiyonunua maziwa kila siku, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuhangaikia matuta haya.

Magadi niliyapinga waziwazi, kwa heshima ya mwenye nyumba. Ni kweli kwamba yanalainisha na kuing'arisha mboga kijani. Lakini ni alkali, nayo huharibu vitamini C na vitamini B1, na yakizidi kidogo huacha ladha ya sabuni ambayo, juu ya uchungu uliokuwepo, ndiyo iliyomfanya mkazamwana aseme kwamba mboga imezidi kuwa mbaya. Alikuwa amekisikia kitu halisi, ingawa hakikuwa chanzo. Mama mwenye nyumba alisema kisamvu chake ataendelea kukitia magadi, na mimi sikuendelea na mjadala huo.

Bustanini tulianza na maji. Kumwagilia matuta yote kwa maji ya bomba kungekuwa ghali, hivyo mashina dhaifu kabisa yaling'olewa na tukabaki na tuta moja na nusu. Maji ya kuoshea mchele, matunda na mboga, yasiyo na sabuni, yalikusanywa kwenye ndoo badala ya kumwagwa mahali pamoja. Mahali pa kunyunyiza mara mbili kwa siku, tulimwagilia kwa wingi mara moja kila baada ya siku mbili, alfajiri, shinani na si juu ya majani, ili maji yazame na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Matuta yaliyoinuka yalisawazishwa na kuzungushiwa kingo ndogo yakawa kama majaruba, kwa kuwa tuta lililoinuka wakati wa kiangazi hukauka kwa pande zote na kukusanya chumvi mabegani. Utando mweupe ulikwanguliwa kwa jembe na kutolewa nje. Mbolea ya kuku ilisimamishwa. Iliyobaki iliwekwa kwenye lundo la mboji pamoja na nyasi na majani makavu, ioze mpaka harufu iishe, na lundo likaachwa wazi ili mvua ije iioshe.

Matandazo yalileta ubishi mdogo. Mwana wa nyumba alikuwa ameleta makumbi ya nazi, na makumbi ni matandazo mazuri yanayoshika unyevu. Lakini aliyachukua kwa watu wanaoyafukia kwenye matope ya pwani ili kupata usumba wa kusokotea kamba, na makumbi hayo yamekunywa bahari kwa miezi. Yalirudishwa. Nyasi kavu na majani ya mwembe yalitosha. Upande wa magharibi ulisimamishwa makuti machache ya kukinga jua la alasiri.

Mvua za masika zilipoanza, zilifanya kwa wiki chache kazi ambayo ndoo zetu zisingeweza. Majani mapya yaliyotoka Aprili yalikuwa makubwa kuliko yale yaliyotoka Machi, na ukavu wa ukingoni haukuonekana tena kwenye majani machanga. Majani ya zamani yaliyokwisha kuungua hayaponi, yanachumwa tu. Masika hayakupita bila gharama. Kingo za majaruba zilichelewa kubomolewa, maji yakasimama, na mashina kadhaa yakashikwa na uozo mweusi, safari hii ule wenyewe, wenye pembe ya njano na vijishipa vyeusi. Mkazamwana alizitambua dalili bila kuniita, akayang'oa na kuyachoma. Uchungu ulikuwa umepungua sana kufikia Mei, na Juni, kusi lilipopoza hewa, mama mkwe alikula mboga iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya, bila kuchemshwa kwanza, akaomba aongezewe.

Mpango wa nyumba hiyo kwa sasa umegeuzwa kufuata maji na majira. Sukuma wiki imehamishiwa upande wa karo, pale yalipokuwa mashina matano, na mbegu husiwa Aprili ili majani yachumwe kuanzia Juni na kuendelea katika miezi yote ya ubaridi. Huchumwa ya chini kwanza, yakiwa bado laini, na kuachiwa mmea majani matano au sita ya juu ili uendelee. Kwa kuwa mmea huu huhitaji baridi kali ili utoe maua, hapa pwani mtu asitarajie kupata mbegu zake mwenyewe, ila vichipukizi vya pembeni vya mashina yaliyofanya vizuri hushika mizizi vikipandwa kivulini, na mkazamwana ameanza kuvitumia. Upande wa kisima umepandwa kunde kwa ajili ya majani yake, pamoja na ile mboga tunayoiita spinachi, ambayo kwa kweli ni ndugu wa kiazisukari na huvumilia chumvi kuliko kabichi. Mwana wa nyumba amefunga mfereji kwenye paa la bati na kuweka pipa chini yake. Desemba, kaskazi inapoanza kuvuma, mashina ya sukuma wiki yaliyochoka hung'olewa, na mpaka mavuno mapya ya Juni nyumba hula kunde na spinachi, na siku moja moja fungu la Mgandini.